Sura ya Sita: Nani Acheze Mpagazi?

Mchezo wenyewe unataka karatasi, kalamu na watu wanne wenye nafasi jioni. Mnakubaliana filamu ambayo haijawahi kupigwa. Mnaandika wahusika wake. Kisha mnachagua waigizaji kwa zamu, jina moja moja, na mwigizaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine hawana ruhusa ya kumgusa tena. Mwisho kila mtu anasoma kikosi chake na kukitetea, na waliokaa pembeni wanasema ni filamu ya nani wangeilipia kiingilio. Pesa haihusiki. Mshindi anapata haki ya kupendekeza filamu ijayo, basi.

Watoto wa Mikese, jirani na Morogoro, wanaujua utaratibu huu kabla hawajajua kusoma. Kwenye chandimu, manahodha wawili wanasimama mbele ya wenzao na kuita mmoja mmoja, mpaka anabaki yule ambaye hakuna aliyemtaka. Wamarekani waliugeuza kuwa shughuli rasmi: ligi yao ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilianza kugawana wachezaji chipukizi kwa zamu mwaka 1936, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bill Winkenbach na rafiki zake wa Oakland, California, wakaanza kugawana wachezaji hao kwenye karatasi, kila mmoja akiwa mwenye timu isiyokuwepo. Vijana wetu wanaopanga vikosi vya Ligi Kuu ya Uingereza kwenye simu wamerithi jambo hilo. Kutoka mpirani kwenda sinema ni hatua moja tu, ila hatua hiyo inabadilisha kila kitu. Mwenye timu ya mpira wa kwenye karatasi anasubiri mechi za Jumamosi zimhukumu. Filamu isiyokuwepo haina Jumamosi. Hapo unahukumiwa kwa hoja zako, na ukitaka hoja lazima uwe umemfikiria mtu unayemtafutia mwigizaji: alitembeaje, alikasirikaje, alinyamaza wakati gani.

Zamu zinaenda na kurudi. Aliyeanza mzunguko wa kwanza anamaliza wa pili. Mkiwa wanne, wa kwanza ana chaguo la 1 na la 8, wa mwisho ana la 4 na la 5 kwa mkupuo. Aliyewahi kunyakua nyota anasubiri wenzake wachague mara sita kabla hajafungua mdomo tena. Kanuni hii ndogo ndiyo inayoufanya mchezo uwe na maana, kwa sababu inamlazimisha kila mmoja aseme hadharani ni mhusika yupi anayestahili chaguo lake la kwanza na ni yupi anayeweza kungoja makombo.

Filamu tuliyoichagua sisi ilikuwa ya Mikese yenyewe. Anayepita kwa basi kutoka Dar es Salaam huiona Mikese kama dalili kwamba Morogoro imekaribia: maduka kando ya barabara kuu, matunda yaliyoteremshwa kutoka milimani, na safu ya Uluguru ikiwa imeziba upeo wa macho. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, ilipitia hapa. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 inapita bila kusimama, maana vituo vyake upande huu ni Ngerengere kisha Morogoro. Kwa miezi kadhaa tangu mwishoni mwa 1916, hata hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki viliitegemea Mikese kula na kupiga risasi.

Jeshi la Waingereza chini ya Jan Smuts liliingia mjini Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaondoka kuelekea kusini, Kisaki na baadaye bonde la Rufiji, na madaraja ya reli yalikuwa yamebomolewa. Reli ilipotengenezwa, Mikese ikawa mahali pa kushushia mizigo. Unga, risasi na dawa za jeshi lililokuwa mbele vilifika kwa treni, kisha vikashika njia ya kusini kupitia Tulo hadi Duthumi na mto Mgeta. Brigedi ya Nigeria ilishuka hapa Desemba 1916. Magari ya Ford yalibeba sehemu ya shehena hiyo mpaka mvua kubwa za 1917 zilipoifanya njia kuwa tope. Magari yaliposhindwa, vilibaki vichwa vya watu.

Mpagazi wa vita hivyo alibeba kilo 25 hivi, bila kuhesabu blanketi lake na chakula chake. Wengine walitoka Kenya na Uganda, wengine walikusanywa kwa nguvu vijijini kadiri jeshi lilivyosonga, na mwaka 1917 ukusanyaji huo ukawa mkubwa zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Risasi iliua wachache miongoni mwao. Walioua wengi ni kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga wa mahindi uliopikwa haraka kwenye mvua na watu ambao hawakuuzoea.

Mezani tulikuwa wanne: mwalimu mstaafu wa historia, fundi pikipiki, dada mmoja anayeuza ndizi na machungwa ya Kinole barabarani, na mimi. Kadi za wahusika aliziandika mwalimu, kwa mwandiko wa ubaoni. Smuts. Lettow-Vorbeck. Frederick Selous. Daktari wa jeshi. Askari wa Kijerumani na mkewe. Mpagazi.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda kwa wakubwa. Fundi alimchukua Michael Fassbender awe Lettow, akatoa sababu nzuri, kwamba ni mtu aliyezaliwa Heidelberg na Kijerumani anakijua. Mwalimu alimtaka Ralph Fiennes awe Selous, yule mwindaji aliyejiunga na vita akiwa mzee na kuuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Ni chaguo zuri. Ila Selous ameshapata mwigizaji: katika mfululizo wa televisheni wa Indiana Jones wa miaka ya 1990, ule wa ujana wake, Paul Freeman alimcheza Selous, na Lettow naye alikuwamo. Pori lenyewe la akiba lilipewa jina la Selous mwaka 1922, na sehemu kubwa yake iliendelea kuitwa hivyo mpaka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019. Mtu huyu hajawahi kukosa nafasi.

Ilipofika zamu ya dada, hakuchagua. Alinyanyua ile kadi ya mwisho akauliza, "Mwalimu, huyu jina lake nani?"

"Hakuandikwa, mwanangu."

"Basi tumwandike. Mimi siwezi kumtafutia mtu asiye na jina. Nitamtafutia nini, kichwa cha kubebea?"

Nimefikiria sana swali lile, na naamini ndiyo sababu nzima ya kuucheza mchezo huu. Historia ya nchi yetu imeandikwa kwa kadi kama zile. Upande mmoja kuna majina, upande mwingine kuna kazi: mpagazi, boi, mpishi, mwanamke wa kijijini. Filamu zilizopigwa juu ya nchi hii zilifuata mkondo huohuo. "The African Queen" ya mwaka 1951, ambayo hadithi yake inaanzia kwenye koloni la Wajerumani mwaka 1914 na iliyopigwa Uganda na Kongo, inaonyesha kijiji kikichomwa moto, kisha inaondoka kwenye boti na Wazungu wawili. Humphrey Bogart alipata Oscar. Wanakijiji hatuambiwi walikwenda wapi. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa filamu za kuelimisha Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, milima ya Usambara, na filamu za ukoloni za aina hiyo zilipenda kanuni moja: mwerevu anayefuata ushauri na mjinga anayeukataa. Ukiambiwa ucheze mjinga, huhitaji kujua mama yake ni nani.

Hata wachonga sanamu walilazimika kugawa nafasi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina mtu mmoja, askari mwenye bunduki na singe. Ya Nairobi, iliyofuata mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mji ambao soko lake kuu limebeba jina la kambi ya wapagazi, Kariakoo, haukupewa sanamu ya mpagazi. Kuhusu makaburi, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo swali la muuza ndizi lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani fundi, aliyekuwa akimharakisha achague.

Tulimwita Kobelo, jina la Kiluguru. Jina likaleta mengine yote. Kama ni Mluguru, ukoo wake unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mrithi wake ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Basi filamu ikapata mhusika ambaye hakuwa kwenye orodha: kijana anayekamatwa pamoja na mjomba wake, wanaotembea wakifuatana kwenda Duthumi, mjomba akijua kwamba akifa yeye ardhi ina mwenyewe, na akifa kijana mstari umekatika. Mwalimu, ambaye amefundisha vita hivi miaka mingi kupitia majemadari, alinyamaza kidogo akasema filamu sasa imeanza.

Nani basi awe Kobelo? Kanuni yetu inaruhusu waliofariki, kwa umri wowote waliowahi kuonekana kwenye picha, na dada alimtaja Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Fundi alipinga, akisema yule ni wa kuchekesha. Mimi namuunga mkono dada kwa nguvu zote. Mchekeshaji mkubwa anajua uzito wa mwili wake kuliko mwigizaji wa aina nyingine yoyote. Anajua namna ya kuinama, kuchoka, kushtuka, na namna ya kumfanya mtu wa nyuma kabisa aone kilichomo rohoni bila neno. Majuto alianzia jukwaani miongo mingi kabla ya enzi ya kanda za video. Umpe mzigo kichwani na njia ya tope, na umwombe asichekeshe hata mara moja. Watazamaji watakaa wakisubiri kucheka, na kicheko kisipokuja wataelewa.

Bongo Movie iliwafungia watu wengi ndani ya aina moja. Mzee Jengua alikuwa baba mkali mwenye mali. Bi Mwenda alikuwa mchawi, na alikuwa mchawi vizuri kiasi kwamba ni wachache waliowahi kumfikiria kama bibi mwenye huruma. Sababu inaeleweka: filamu zilipigwa kwa siku chache na kwa pesa kidogo, na mwigizaji ambaye mtazamaji anamjua akiingia tu mlangoni anaokoa muda wa kueleza. Lakini kwenye filamu isiyokuwepo hakuna msambazaji wa kumridhisha. Hapo unaweza kumtoa Jengua kwenye kochi.

Nafasi ya mpwa niliichukua mimi kwa ajili ya Steven Kanumba. Alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na umati uliofurika Viwanja vya Leaders kumuaga ulionyesha alivyokuwa kwa watu wake. Wengi wanamkumbuka akiwa ndani ya suti, mpenzi au tajiri kijana, au kwenye "Dar 2 Lagos" akivuka mipaka kwenda kucheza na Wanaijeria. Mimi namtaka peku. Alikuwa steringi wa kweli, na steringi ndiye anayefaa hapa, kwa sababu mtazamaji wetu wa kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Kijana anapoanza kutetemeka kwa homa karibu na Tulo, kila mtu atakuwa na uhakika kwamba atapona.

Kuna njia nyingine ya kuchagua mwigizaji, ya zamani kuliko sinema, na watu wa Uluguru hawahitaji kufundishwa. Ni utani wa misibani. Mtani huja msibani akamwigiza marehemu: huvaa nguo zake, hushika fimbo yake, huiga alivyokohoa na alivyoita watoto, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayeuliza kama sura inafanana. Kinachotafutwa ni mwendo, sauti na tabia, na hadhira imeishi na marehemu, kwa hiyo haidanganyiki. Nimeona kwenye mchezo wetu kwamba anayechagua kwa macho ya mtani hushinda anayechagua kwa picha ya kwenye bango. Ukimwambia mwalimu "Fiennes anafanana na Selous" atakubali na kusahau. Ukimwambia jinsi Majuto angeshusha mzigo, kwa goti moja kwanza na mkono kiunoni, ataanza kukubishia, na hapo umemshika.

Hoja ya mwendo na sauti ndiyo iliyomwangusha Fassbender. Fundi alijivunia Kijerumani chake, lakini dada aliuliza Lettow aliongea na askari wake kwa lugha gani. Jeshi lile lilikuwa na maofisa wachache wa Kijerumani na maelfu ya askari Waafrika wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mzungu wa filamu hii lazima akemee, abembeleze na atanie kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kisisikike kama kimekaririwa usiku uliotangulia. Mwalimu alikuwa na zamu, akamchukua Mzungu Kichaa, yule mwanamuziki wa Bongo Fleva mwenye asili ya Denmark, awe ofisa chini ya Lettow. Hilo ndilo lililokuwa chaguo bora la jioni ile. Si mwigizaji maarufu, lakini ndiye mtu ambaye askari wangecheka naye kisha wamwogope.

Mke wa askari alizua ubishi mrefu kuliko wote. Wake na watoto wa askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani walisafiri nalo. Walipika, walibeba, walizaa njiani. Waandishi wa vita wa Kizungu waliwaona na kuwataja kwa mkupuo. Abdulrazak Gurnah ndiye aliyeingia ndani ya maisha ya watu wa vita hivi katika "Afterlives" ya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya Nobel yake, na yeyote atakayecheza mchezo huu anafaa akisome kitabu kile kwanza. Dada alimchukua Lupita Nyong'o, kisha alipopata zamu tena akamwongeza Riyama Ally awe mpishi wa kambini. Fundi akashangaa, mpishi ana sentensi ngapi? Dada akajibu, "Kaka, hata akiwa na moja, Riyama akiisema utaikumbuka." Ni kweli. Amil Shivji alipoipiga "Vuta N'Kuvute" ya 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, nafasi ya Mwajuma, mwimbaji, alimpa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli wa Zanzibar, na sura za Mwajuma zikasimama zenyewe. Nafasi ndogo ikipata mtu wake, filamu nzima inapanda.

Anayedhani haya ni mambo ya kujifurahisha tu amkumbuke Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa kijana wa idara ya maendeleo ya jamii, akachaguliwa kuwa steringi wa "Muhogo Mchungu", filamu ya Kiswahili juu ya mtu wa shamba anayefika mjini. Mwaka 1962 alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika. Mtu aliyemchagua aliona kitu usoni mwake, uwezo wa kutazamwa na watu wengi bila kuyumba, kabla ya chama wala serikali. Kumchagua mwigizaji ni kumsoma mtu, na wakati mwingine unamsoma vizuri kuliko unavyojua.

Kura zilimpa dada ushindi, ingawa mwalimu alidai Mzungu Kichaa peke yake angejaza ukumbi wa Morogoro mjini. Filamu aliyoipendekeza dada kwa mchezo ujao ni ya mwaka 1955, Waluguru walipoukataa mpango wa serikali wa kuwalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, ukataaji uliofikia ghasia Julai ya mwaka huo na kuufanya mpango wenyewe uachwe. Kadi safari hii ameziandika yeye. Wanawake waliokuwa wakichimba matuta ameshawapa majina na koo, na bwana shamba pia. Mwalimu ameziona, na tayari anamtaka Bi Mwenda kwa nafasi ya bibi anayekataa kuhama shambani. Anasema safari hii atakuwa bibi wa haki. Fundi naye anamtaka Bi Mwenda huyohuyo, na zamu ya kwanza bado haijapigiwa kura.